Saratani ya tezi dume inayofuatiliwa bila kukatwa: maelezo kwa wanaume walio chini ya miaka 60

Saratani ya tezi dume inaongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini Tanzania. Wengi wa wanaougua hufika hospitali ikiwa imekwisha kutoka nje ya tezi na kuingia mifupani, na ndiyo maana jina la ugonjwa huu limeshikamana katika fikra za watu na maumivu ya mgongo, mpira wa mkojo na msiba. Lipo hata hivyo kundi jingine la wagonjwa, dogo kwa sasa, ambalo huongezeka kila kipimo cha damu kinapowafikia watu wengi zaidi. Ni wanaume wa miaka 45, 50 au 58, wenye nguvu zao shambani, wasio na dalili yoyote, ambao huambiwa na daktari mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni kwamba wana saratani. La pili ni kwamba kwa sasa hawatakatwa wala kupigwa mionzi.

Mwanaume anayerudi Rangwi na maneno hayo mawili hukuta ni vigumu kuyaeleza nyumbani. Ni rahisi familia ikadhani kwamba hospitali imekata tamaa naye, au kwamba kapewa majibu ya kumfariji. Ni rahisi pia, na huu ndio upande wa hatari zaidi, akadhani mwenyewe kwamba amepona na asirudi tena. Utaratibu alioelekezwa una jina lake, nao ni ufuatiliaji wa karibu. Maana yake ni kuiacha saratani yenye hatari ndogo mahali ilipo, kuipima kwa ratiba isiyokatika, na kuitibu kwa lengo la kuiponya pindi itakapoonyesha dalili ya kubadilika. Kupima kukikoma, kilichobaki si ufuatiliaji tena. Ni ugonjwa ulioachwa bila mwangalizi.

Jinsi hatari inavyopimwa

Tezi dume ni kiungo kidogo, chenye ukubwa unaokaribia ndimu ndogo, kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Hutoa majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kadiri umri unavyosonga, tezi hii hutanuka kwa wanaume wengi na kuubana mkojo. Kutanuka huko si saratani na hakugeuki kuwa saratani, ingawa mambo hayo mawili yanaweza kukutwa katika tezi moja. Kwa kweli baadhi ya saratani zenye hatari ndogo hugunduliwa kwa njia hiyo: mtu hufanyiwa upasuaji wa tezi iliyotanuka, nyama iliyotolewa hupelekwa maabara, na chembe chache za saratani huonekana ndani yake bila mtu yeyote kuzitarajia. Wengine hugunduliwa baada ya kipimo cha damu kiitwacho PSA kuonyesha kiwango kilichopanda.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe. Kiwango chake hupanda kwa sababu ya saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kutanuka kwa kawaida, na baada ya mpira wa mkojo kuwekwa. Tendo la ndoa katika siku mbili zilizotangulia kipimo laweza nalo kukipandisha kidogo. Kwa hiyo kiwango cha juu peke yake hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa saratani. Jibu hupatikana kwa kuchukua vipande vyembamba vya nyama kutoka sehemu mbalimbali za tezi, kwa kawaida 10 hadi 12, na kuvichunguza kwa hadubini.

Matokeo ya uchunguzi huo huandikwa kwa alama za Gleason, zilizopewa jina la daktari Mmarekani Donald Gleason aliyezibuni katika miaka ya 1960. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Alama huishia 10, na mgonjwa anayesoma kwenye karatasi yake kwamba ana 6 hufikiri amekwisha kupita nusu ya njia. Sivyo. Mtaalamu wa maabara hutoa namba mbili kwa sura za chembe zinazoonekana kwa wingi, kisha huzijumlisha. Katika vipande vya nyama, saratani ya kiwango cha chini kabisa inayoandikwa siku hizi ni 3 na 3, yaani 6. Kwa hiyo 6 ni ngazi ya kwanza. Kwa kuondoa mkanganyiko huo, maabara nyingi sasa huongeza namba ya kundi kuanzia 1 hadi 5, na Gleason 6 huitwa kundi la 1.

Saratani huhesabiwa kuwa ya hatari ndogo pale mambo matatu yanapokutana: Gleason isizidi 6, PSA iwe chini ya 10, na daktari anapopima kwa kidole asikute uvimbe, au akute mdogo usiozidi nusu ya upande mmoja wa tezi. Likikosekana moja, mazungumzo hubadilika. Mzee aliyegunduliwa na PSA ya mamia na maumivu ya mifupa hayumo katika maelezo haya hata kidogo. Yeye anahitaji matibabu bila kuchelewa, na jirani asimshauri kusubiri kwa sababu tu alisikia kwamba fulani ameambiwa asubiri.

Kwa nini kutotibu mara moja

Sababu ya msingi ni mwendo wa ugonjwa. Saratani ya kundi la 1 hukua polepole mno, na mara nyingi haitoki nje ya tezi kwa miaka mingi. Mtu anaweza kuishi nayo na hatimaye akafa kwa sababu nyingine kabisa. Matibabu, kwa upande wake, hudai gharama siku ileile.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 katika makundi matatu kwa kura: waliofuatiliwa, waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi, na waliopigwa mionzi. Kabla ya hapo, wanaume 67 katika kila 100 walikuwa na nguvu za kiume za kutosha kwa tendo la ndoa. Miezi 6 baadaye, kati ya waliokatwa walibaki 12 katika kila 100. Kati ya waliopigwa mionzi, 22. Kati ya waliofuatiliwa, 52. Katika muda huohuo, 46 katika kila 100 ya waliokatwa walikuwa wakivaa pedi kwa sababu mkojo uliwatoka bila kujizuia, wakati kwa waliofuatiliwa walikuwa 4. Baadhi walirudia hali nzuri zaidi kadiri miaka ilivyopita, lakini si wote.

Matokeo ya miaka 15 ya utafiti huo yalitangazwa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 3.1 katika kila 100 kwa waliofuatiliwa, 2.2 kwa waliokatwa na 2.9 kwa waliopigwa mionzi. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kutenganishwa na bahati. Lakini namba nyingine inapaswa kusomwa kwa uangalifu uleule. Saratani ilisambaa mwilini kwa 9.4 katika kila 100 ya waliofuatiliwa, na kwa takriban 5 katika kila 100 ya waliotibiwa mapema. Baadhi ya wanaume hao hawakuwa na saratani ya hatari ndogo tangu mwanzo, na ufuatiliaji wao ulitegemea zaidi PSA kuliko unavyofanywa leo. Hata hivyo, anayesema kwamba ufuatiliaji hauna hatari yoyote hasemi kweli yote. Ni biashara ya kupima: hatari ndogo ya baadaye kwa kuepuka madhara ya hakika ya sasa.

Kwa mwanaume aliye chini ya miaka 60 mizani hiyo ni nzito pande zote mbili. Ana mengi ya kupoteza akikatwa mapema. Ndoa yake ina miaka mingi mbele. Huenda bado anatarajia watoto, na kuondolewa kwa tezi nzima hukomesha uwezo wa kupata mtoto kwa njia ya kawaida. Kazi za milimani, kupanda na kushuka matuta ukiwa na gunia la viazi begani, haziendi vizuri na mkojo usiozuilika. Lakini pia ana miaka 25 au 30 ambayo saratani inaweza kuitumia kubadilika. Ndiyo maana zamani madaktari wengi walipendelea kumkata kijana na kumwacha mzee. Mtazamo huo umelegea, kwa kuwa wanaume wenye umri mdogo na saratani ndogo hasa hawakuonekana kuharibikiwa haraka kuliko wazee walipofuatiliwa ipasavyo. Daktari Laurence Klotz na wenzake wa Toronto, Kanada, walioanza kuwafuatilia wagonjwa kwa mpango mwaka 1995, waliripoti mwaka 2015 kuhusu wanaume 993: baada ya miaka 15, zaidi ya 94 katika kila 100 walikuwa hawajafa kwa saratani hiyo.

Swali la mtu mweusi

Mkazi wa Rangwi ana haki ya kuuliza kama namba za Uingereza zinamhusu. Waliopimwa katika utafiti wa ProtecT walikuwa karibu wote Wazungu, ilhali inajulikana kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hupata saratani hii kwa wingi zaidi na mara nyingi wakiwa na umri mdogo zaidi.

Jibu la karibu zaidi lililopo limetoka katika hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani, na lilichapishwa mwaka 2020. Wanaume weusi 2,280 na weupe 6,446 wenye saratani ya hatari ndogo walifuatiliwa. Ndani ya miaka 10, saratani ilionyesha kubadilika kwa takriban 60 katika kila 100 ya weusi na 48 katika kila 100 ya weupe. Waliohitaji hatimaye kutibiwa walikuwa 55 kwa weusi na 41 kwa weupe. Vifo vilivyotokana na saratani yenyewe vilikuwa karibu sawa kwa wote, yaani takriban mmoja katika kila 100.

Namba hizo zisomwe pamoja, si moja moja. Kwa mwanaume mweusi uwezekano wa mambo kubadilika ulikuwa mkubwa zaidi, lakini mabadiliko yalionekana mapema kwa kuwa watu walikuwa wakipimwa, na vifo havikuzidi. Wanaume hao walitibiwa katika mfumo ambao kliniki ziko karibu, vipimo havilipiwi kwa kuuza mbuzi, na kumbukumbu za mgonjwa hazipotei. Ufuatiliaji ule ule ukifanywa kwa kurukaruka hautoi matokeo yale yale. Kwa mkazi wa milima ya Usambara, kwa hiyo, swali la kwanza si kama ufuatiliaji unafaa kitabibu. Ni kama anaweza kweli kurudi kila anapotakiwa, mwaka baada ya mwaka, wakati hasikii maumivu yoyote yanayomsukuma.

Kinachohitajika kwa mwaka

Ratiba huandikwa na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, na hutofautiana kidogo kati ya hospitali. Kwa kawaida PSA hupimwa kila baada ya miezi 6, kupima kwa kidole hufanywa mara moja kwa mwaka, na vipande vya nyama huchukuliwa tena takriban mwaka mmoja baada ya vile vya kwanza, kisha kila baada ya miaka kadhaa. Uchukuaji wa mara ya pili haupaswi kukwepwa, kwa kuwa sindano ya kwanza inaweza kulikosa eneo baya zaidi la tezi. Baadhi ya wanaume hugundulika katika duru hiyo kwamba hawakuwa na hatari ndogo tangu awali. Unaweza kusababisha damu katika mkojo kwa siku chache au katika manii kwa wiki kadhaa, na mara chache maambukizi. Mgonjwa anayepata homa au kutetemeka baada yake asingoje kupambazuke. Aende kituo cha afya kilicho karibu usiku huohuo. Picha ya MRI husaidia sana kulenga sindano, lakini hupatikana katika hospitali chache kubwa, na kukosekana kwake hakufuti ufuatiliaji, ila kunaongeza uzito wa vipimo vingine.

Safari ya Rangwi hadi kwa bingwa ni sehemu ya tiba na ipangwe hivyo. Njia ya rufaa huanzia zahanati au kituo cha afya, huenda Hospitali ya Wilaya ya Lushoto, kisha Bombo mjini Tanga au KCMC mjini Moshi. Anayekwenda Moshi hushuka kwanza hadi Lushoto, kisha takriban kilomita 33 nyingine za kona hadi barabara kuu ya Mombo, ndipo apande basi la Kilimanjaro. Daktari anayepanga tarehe akiwa Moshi hajui hali ya barabara za Rangwi wakati wa masika; mgonjwa ndiye anayejua. Aombe miadi isiangukie Aprili na Mei, wala majira ya kuvuna. Miadi ya miezi 6 iliyosogezwa kwa wiki tatu haina madhara. Iliyosogezwa hadi mwakani ina madhara.

Safari zote si lazima ziwe za Moshi. Damu ya PSA inaweza kupimwa karibu zaidi pale maabara inapokuwa na kipimo hicho, na matokeo yakapelekwa kwa bingwa. Jambo hilo liulizwe kabla ya kuondoka kliniki. Inafaa maabara iwe ileile kila mara, kwa kuwa mashine tofauti hutoa majibu yanayotofautiana, na tofauti ya mashine inaweza kudhaniwa kuwa ni mwendo wa saratani. Anayetumia dawa ya kupunguza tezi iitwayo finasteride amwambie kila daktari, kwani hushusha PSA hadi karibu nusu na kuificha hali halisi. Mwenye bima aulize mapema ni vipimo vipi vinalipiwa na katika ngazi ipi ya hospitali.

Karatasi ya maabara yenye alama za Gleason ni mali. Itolewe nakala mbili, moja ibaki na mke au mtoto mkubwa. Daftari dogo lenye tarehe, kiwango cha PSA na jina la maabara lina thamani kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, hasa kwa mwanaume anayehamia Tanga au Dar es Salaam kutafuta kazi na kulazimika kuanza upya na daktari mwingine.

Pale ufuatiliaji unapokoma

Alama za Gleason zikipanda hadi 7 au zaidi, au saratani ikionekana katika vipande vingi kuliko awali, daktari humshauri mgonjwa kuhusu upasuaji au mionzi. PSA iliyopanda mara moja haitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Hurudiwa kwanza, maambukizi hutafutwa, kisha nyama huchunguzwa. Katika utafiti wa ProtecT, takriban 61 katika kila 100 ya waliofuatiliwa walikuwa wametibiwa ndani ya miaka 15. Kufikia hatua hiyo si kushindwa kwa mpango. Ndivyo mpango ulivyokusudiwa, na mtu huyo amepata miaka kadhaa bila madhara.

Wapo pia wasiofaa kuanza: wenye ndugu kadhaa wa damu waliokufa kwa saratani hii wakiwa na umri mdogo, wanaohitaji kwanza kuzungumza na bingwa kuhusu urithi, na wale ambao wasiwasi wa kuishi na saratani utawanyima usingizi kila siku. Huyo wa mwisho asionewe haya. Kuchagua upasuaji kwa saratani iliyogunduliwa mapema ni uamuzi halali. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Novemba 2014 katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, akiwa na umri wa miaka 64, na aliueleza umma kwamba ilikuwa saratani ya hatua za mwanzo. Hospitali hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuendesha tangu mwaka 1995 mojawapo ya programu kongwe za kufuatilia saratani ya hatari ndogo bila kukata. Mambo hayo mawili hukaa chini ya paa moja, na kinachoamua ni alama za mgonjwa, umri wake na kile anachokithamini. Uwazi wa kiongozi huyo ulikuwa na faida ya pekee katika nchi ambayo kipimo cha kidole bado ni mada ya mzaha vijiweni.

Kaka na watoto wa kiume wa aliyegunduliwa wana uwezekano wa kupata ugonjwa huo unaokaribia mara mbili ya wa wengine au kuuzidi. Waambiwe waziwazi, pamoja na umri ambao ndugu yao aligunduliwa, ili wazungumze na mhudumu wa afya kuhusu PSA kuanzia miaka 40 hadi 45 badala ya kungoja 50.

Ufuatiliaji wenyewe haudumu milele. Mwanaume aliyeuanza akiwa na miaka 52, na ambaye saratani yake haijasogea, akifika katikati ya miaka ya 70 daktari anaweza kuacha kumchukua vipande vya nyama na kubaki kuangalia PSA na dalili tu, kwa kuwa kufikia hapo saratani iliyotulia kwa zaidi ya miaka 20 haitarajiwi kumtangulia.